Aliyetuletea Maneno ya Baraza

Akirudi kutoka baraza la akida, kule Newala, aliupita uwanja wetu bila kumtazama mtu. Aliingia kwake, akanawa uso kwa maji kidogo, akatoka tena. Watu walikuwa wamekwisha kukaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, watoto mbele kwenye mchanga. Alisimama katikati, akangoja mpaka mtu wa mwisho anyamaze, kisha akaanza kama alivyoanza siku zote.

"Waliokuwapo ni hawa." Akawataja. "Ambao hawakuwapo ni hawa." Akawataja nao. Halafu, kabla hajasema neno moja lililosemwa, aliwataja walionyamaza.

Hapo watu waliguna, wengine wakacheka. Kumbe mzee fulani, aliyeondoka kijijini kwa kishindo, amevaa kanzu ya kuazima, akisema leo akida atanitambua, alikaa toka asubuhi mpaka jioni akichora ardhi kwa kidole.

Watu walimwita Mleta Maneno. Jina alilotoka nalo jandoni lilikuwapo, lakini silitaji, maana hata mkewe hakulitumia. Wafanyabiashara waliotoka pwani walilicheka hilo la Mleta Maneno. Kwao mleta maneno ni mtu wa fitina. Kwetu lilikuwa jina la kazi, kama mhunzi au mganga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi, aliwaita wazee wa vijiji vya juu huku mlimani kila ilipotokea amri mpya ya boma lao. Yakasemwa ya kodi, ya barabara, ya wapagazi. Watu wengine hawakuweza kwenda. Ukiliacha shamba, nguruwe na nyani hawakubakizii suke la mtama. Na wanawake walishuka bondeni kuteka maji kabla ya mapambazuko, wakapanda tena na mitungi kichwani jua likiwa kali, kwa sababu juu kwetu hakuna kisima. Basi wasiokwenda walimtuma yeye. Wazee walikwenda kusema, naye alikwenda kuwasikiliza. Alikaa nyuma, hakuruhusiwa kufungua kinywa. Siku aliyokuwa huko, majirani walilima shamba lake. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake.

Hakuandika. Hakujua kuandika. Alikuwa anawasema watu kwa sauti zao wenyewe. Akida wa pwani alikuwa akisema polepole, akiyavuta maneno kama mtu anayeonja mchuzi, basi Mleta Maneno naye aliyavuta. Akifika kwa mzee mwenye kikohozi, alikohoa kama yeye. Mke wa mzee huyo akainamisha kichwa kwa haya, akajua kwamba kweli mumewe alikuwapo. Lakini hakufanya hivyo kwa dhihaka. Watoto tulipojaribu kuwaiga wazee namna ile ile, alitukemea mpaka tukakimbia.

Watu walimwuliza mara nyingi, "Na wewe mwenyewe waonaje?"

"Sikutumwa kuona. Nilitumwa kusikia."

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa mdogo. Hakunywa maji katika nyumba ya mzee yeyote wa baraza. Asiyekaa juu huku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu akikupa kata ya maji amekupa safari nzima ya mwanamke, kushuka na kupanda. Huwezi kuyanywa halafu ukasimama uwanjani ukamtaja mwenye nyumba kwamba alinyamaza. Nilimwona siku moja ametoka njiani midomo imepasuka, mke wa mzee mmoja akamwita, "Baba, pita unywe." Akashukuru, akapita. Yule mama akabaki na kata mkononi, amekasirika, akaimwaga kwenye boga lake.

Tena hakuwa mtu mwepesi kukaa naye. Alikuwa na hasira ya haraka, alipenda tumbaku ya kunusa kupita kiasi, na aliogopa viwavi, mtu mzima yule, hata akawa hapiti chini ya mti wenye viwavi bila kujifunika kichwa. Nyumbani kwake alikuwa kimya. Mkewe, aliyevaa ndonya ya mdomoni kubwa kuliko wote na mwenye ulimi mkali kuliko wote, alisema mbele za watu: "Mnasema mume wangu ana maneno. Maneno gani? Namwuliza, chumvi imetosha? Ananitazama kama nimemwita bomani."

"Imetosha," alisema Mleta Maneno.

"Mmesikia? Hilo ndilo neno lake la mwezi huu. Mlitunze."

Mara moja mzee wa mtaa wetu wa chini alimkabili uwanjani. Mzee huyu alikuwa ametangulia kurudi kutoka barazani, akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Nimemwambia akida, watu wangu hawabebi mizigo ya boma. Hawabebi!" Watu wakamsifu, wakampa na kuku. Jioni Mleta Maneno akasimama, akafika kwenye habari za wapagazi, akaisema sauti ya mzee yule: "Ndiyo, bwana. Hata kesho, bwana."

Uwanja wote ukacheka. Mzee akaruka.

"Mwongo wewe! Nani amekulipa?"

"Sijalipwa, mzee wangu. Kama nimekosa nirekebishe hapa hapa. Wenzako wawili walikuwapo, hawa wamekaa."

Wale wawili wakatazama miguu yao.

Mzee akafuta jasho. "Nilisema ndiyo kwa mdomo tu. Moyoni nilikataa."

Bibi mmoja nyuma akajibu, "Basi mdomo wako ukabebe mizigo, moyo ubaki nyumbani."

Kucheka kulikwisha upesi, maana vijana walichukuliwa kweli kubeba mizigo. Lakini baraza lililofuata mzee yule yule alisimama mbele ya akida, akasema vijana wamechoka na mtama haujapaliliwa, akatukanwa, akasimama vile vile. Mleta Maneno akaisema sauti yake kama alivyoisema mara ya kwanza, wala hakuongeza sifa. Hiyo ndiyo faida niliyoiona katika kazi yake. Hakuwa na amri juu ya mzee hata mmoja. Lakini kila mzee aliyefungua kinywa barazani alijua nyuma yake kuna mtu anayesikiliza kwa ajili ya waliobaki mashambani.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka wa vita, ambayo kwayo mama yangu alimchukia Mleta Maneno.

Mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mzee wa nyumba yetu. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Baba hulima na kulisha, lakini neno juu yako ni la mjomba. Mwaka ule walitokea watu wa kaskazini na dawa ya maji, wakisema atakayeinywa na kunyunyiziwa, risasi za askari zitamgeukia maji. Huko Masasi na njia za Chiwata tulisikia watu wamekwisha kuinuka. Wazee wa juu huku wakafanya baraza lao wenyewe, bila akida, wakalisema jambo hilo toka asubuhi. Mleta Maneno alitumwa kama siku zote, akarudi, akasimama uwanjani.

Aliyasema kwa mpangilio ule ule wa kusemwa kwake. Mjomba alisimama asubuhi, akasema: "Tunywe. Twende. Tumebeba mizigo yao, tumelipia kodi nyumba zetu wenyewe kama tumezipanga kwao. Mimi nitatangulia." Ndivyo Mleta Maneno alivyosema, kwa sauti ya Mjomba, na watu wakasisimka. Halafu akaendelea na wengine waliopinga, mmoja baada ya mmoja, kila mtu na sababu yake. Mwisho akafika kwenye maneno ya jioni. Mjomba alisimama tena, akasema: "Nimewasikia wenzangu. Tukienda, wanawake watapanda na maji kutoka bondeni na hakuna wa kuwalinda. Nalirudisha neno langu." Kwetu mtu anaweza kulirudisha neno lake barazani, na likirudishwa limerudishwa. Kijiji chetu hakikunywa yale maji, wala hakikwenda vitani.

Lakini siku ile palikuwa na mgeni uwanjani, mchuuzi aliyekuja kununua mpira wa porini. Uwanja haukumfukuza mtu. Alisikia maneno ya asubuhi, kisha akaondoka na wapagazi wake kabla habari haijaisha, akawa hakuyasikia ya jioni. Askari walipofika juu huku wakichoma nyumba na kubeba nafaka, walikuwa na jina la Mjomba. Walimchukua. Habari ikaja kwamba amenyongwa.

Mama alikaa chini, akatia majivu kichwani, na neno alilolisema siku ile aliendelea kulisema miaka mingi: "Mdomo wa yule mtu ndio uliomnyonga kaka yangu." Watu waliokaa mpaka mwisho wa habari walimwambia, mchuuzi alichukua nusu. Mama akajibu, "Nusu hiyo aliipata kwa nani? Kwa nini asianze na la jioni?"

Mleta Maneno mwenyewe alichukuliwa baada ya siku chache. Mwenzetu mmoja aliyefungwa naye ndiye aliyetusimulia. Afisa alimwuliza kwa mkalimani, "Wewe unajua maneno yote ya wazee. Nani mwingine alisema twende?" Akajibu, "Maneno ya baraza niliyasema uwanjani kwetu." Akapigwa kiboko. Akaulizwa tena, akajibu lile lile. Akapigwa mpaka mkalimani akamwomba kwa Kiswahili cha pwani, "Taja hata aliyekufa, mjinga wewe!" Hakutaja hata aliyekufa. Akatiwa mnyororo, akapelekwa pwani kujenga barabara. Aliporudi alikuwa anatembea na fimbo, kifundo cha mguu kimeharibika kwa chuma.

Watu hawakuelewa. Mtu aliyekuwa akimtaja kila mzee mbele ya kijiji kizima, kwa nini alikataa kuwataja bomani, hata akaponea chupuchupu? Wengine walisema ni ukaidi. Nilimsikia akilijibu swali hilo mara moja tu, na aliyemwuliza alikuwa mwalimu wetu wa shule ya misheni, aliyetoka kupanda mlima kuja kutembea kwetu.

"Uwanjani yule ninayemtaja yupo," alisema. "Nikikosea atasimama anikatize. Bomani hayupo. Sisemi neno la mtu mahali asipoweza kunijibu."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, amesoma magazeti ya pwani. Akamsimulia kwamba huko kwao Ulaya Wadachi wana baraza kubwa, la watu waliochaguliwa na wenzao, na hata watu wa Kaisari, mfalme wao, huulizwa humo kwa ukali. Tena juu, pembeni, wamewekwa watu wa magazeti, wanaandika kila neno, na kesho yake nchi nzima inasoma.

Mleta Maneno alisikiliza huku ameshika kikopo chake cha tumbaku bila kukifungua.

"Hao wanaoandika, mashamba yao yanalimwa na nani?"

"Wanalipwa na mwenye gazeti."

"Na mwenye gazeti anakunywa maji kwa nani?"

Mwalimu akacheka. "Hilo sikulisoma."

"Na wanaonyamaza, wanaandikwa?"

"Sidhani."

Alitikisa kichwa, akauliza, "Vita vyetu hivi, vilisemwa katika baraza lao?"

"Vilisemwa sana. Wengine walilaumu. Wengine walisema fedha zimepotea."

"Basi walitusema," alisema Mleta Maneno. "Walitusema mchana kutwa, na hakuna aliyepanda huku kutuambia tumesemwaje." Ndipo akakifungua kikopo. 

Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa wazee wakakubaliana kwamba maneno ya baraza yabaki barazani. Walisema uwanja umeua mtu, nani atabisha? Mama alikuwa wa kwanza kuitikia. Mleta Maneno akabaki na shamba lake, akalilima mwenyewe kwa mguu mmoja mzima. Nafasi ya Mjomba ikachukuliwa na mdogo wake, nasi tukamwita Mjomba Mdogo, naye akawa anakwenda barazani kwa niaba ya nyumba yetu.

Miaka hiyo wazee walikwenda, wakarudi, na kila mmoja alitwambia alichotaka. Kodi ikipanda, kila mzee alikuwa ameipinga. Vijana wakitakiwa kwenye mashamba ya wazungu kule pwani, kila mzee alikuwa amekataa. Na vijana wakaenda tu. Kaka yangu Saidi akawa miongoni mwao. Mjomba Mdogo alikuja kwetu analia, akasema askari wamemkamata Saidi njiani akitoka kuuza mpira, naye amewasihi, wamekataa kumsikia.

Mama hakulia. Aliwaendea wazee wote, nyumba kwa nyumba. Aliporudi alitua jembe mlangoni, akaniambia, "Twende," nikamfuata mpaka kwa Mleta Maneno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kukanyaga pale.

"Hodi."

"Karibuni."

"Shikamoo," alisema Mama, bila kumtazama.

"Marahaba, Mama Saidi."

Tukakaa. Mkewe, yule mwenye ulimi mkali, alituwekea mkeka akaondoka.

"Sikuja kwa upatanisho," alisema Mama.

"Najua."

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Kila mzee ninayemwuliza anasema alikataa. Kama wote walikataa, nani alimtoa?"

"Ndugu yako anasemaje?"

"Anasema askari walimkamata njiani."

"Basi."

"Basi nini? Nataka kusikia maneno yanavyosemwa huko. Kesho kutwa kuna baraza. Nenda."

Mleta Maneno aliusugua mguu wake. "Mama Saidi, mimi nikienda sina namna nyingine. Nitayasema yote, kwa mpangilio wake. Lile utakalolipenda na lile litakalokuumiza."

"Hilo nalijua kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki."

"Kaka yako..."

"Kaka yangu mwache alale. Wewe nenda. Shamba lako nitalima mimi."

Akaenda. Aliondoka na fimbo yake alfajiri, na Mama akaingia shambani mwake na jembe. Kulipokucha wanawake wengine walimwona, wakatua mitungi yao, wakaingia nao. Hakuna aliyewaita.

Alirudi jua limeinama. Watu walikuwa wamekwisha kujaa uwanjani, wengi kuliko nilivyowahi kuona, na wazee nao walikuja, maana kutokuja kungekuwa ni kusema jambo. Mjomba Mdogo alikaa mbele kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Mama alitoka shambani moja kwa moja, udongo bado uko mikononi, akakaa na wanawake.

Mleta Maneno alikuwa amezeeka. Sauti ilikuwa nyembamba, na kwenye kuiga akida ilimkatika, ikabidi ameze mate aanze tena. Aliwataja waliokuwapo. Aliwataja wasiokuwapo. Aliwataja walionyamaza, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Akida alisema anataka vijana wengine wa mashamba ya pwani. Wazee wakasema vijana wamekwisha. Akida akasema," na hapa alimgeukia Mjomba Mdogo, akasimama mbele yake uso kwa uso, kama ilivyokuwa desturi yake kwa mtu anayemtaja, "akida akasema: 'Mbona mwenzenu huyu alitoa bila kusukumwa? Nilimtaka mwanawe. Akaniambia, mwanangu anaumwa kifua, mchukue mpwa wangu, mimi ndiye mjomba wake, neno langu linatosha.' Hayo ndiyo maneno ya akida. Mzee huyu alikuwapo. Hakuyakana."



Mjomba Mdogo akainuka, kiti kikaanguka. "Dada! Dada yangu, unamsikiliza huyu? Huyu? Si ndiye aliyemwua kaka yetu? Umesahau ulivyosema mwenyewe?"

Mleta Maneno hakujitetea. Alisimama pale pale, ameegemea fimbo, akamtazama Mama. Watu wote wakamtazama Mama. Nilijua kwamba akisema neno moja tu, yule mzee atafukuzwa uwanjani na hatarudi tena maisha yake yote, na Mjomba Mdogo atabaki kuwa ndugu yake, wa pekee aliyebaki.

"Sijasahau," alisema Mama. "Zamu yako ya kujibu itafika, ndugu yangu, na utajibu mbele ya hawa wote. Sasa kaa."

Mjomba Mdogo hakukaa. Mama akasimama yeye, akavuka uwanja mbele ya wanaume, jambo ambalo wanawake wetu hawalifanyi, akakiinua kile kiti, akakiweka nyuma ya ndugu yake. Akangoja mpaka alipokaa. Kisha akamgeukia Mleta Maneno.

"Endelea, baba," alisema.